Matibabu ya Mama

Mdogo wangu,

Sisi huku ni wazima. Paa la duka limezibwa, na mpwa wako ameanza kusoma bila kufuatisha kwa kidole.

Mwezi uliopita ilikuja notisi ya watu wa kodi. Walitaka maelezo ya miaka mitatu ambayo wewe ndiye uliyetujazia ritani, zile fomu za kodi ya duka. Nilifungua ile programu kwenye kompyuta uliyoiacha, nikapitia kila ulichoingiza. Mwaka wa kwanza umeandika "matibabu ya mama", kodi ikapunguzwa, na hela iliyookolewa ukaitia mfukoni. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu umeongeza muuguzi wa nyumbani.

Mwaka huo Mama alilala kwenye godoro sebuleni. Nilipokuomba hela ya dawa ulinijibu, "Dada, nimekwama. Mwache tu apumzike."

Ofisa wa kodi aliniuliza, "Mama yenu alilazwa wapi?"

"Hakulazwa popote."

"Na haya aliyaandika nani?"

Nilimpa jina lako, anwani yako mpya na simu ya bosi wako.

Jana mkeo alinipigia akilia, akaniomba niseme nilikosea. Nikamuuliza kama anajua Mama alikufaje. Alisema ulimwambia alifia hospitali, wewe ukiwa umemshika mkono. Basi nikamsimulia yote, taratibu, siku baada ya siku, mpaka akaacha kulia.

Nimekuandikia ili usihangaike kumuuliza kwa nini amenyamaza.

Dada yako