Nyama Haijapata Habari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kisha nikasubiri marahaba, kana kwamba karatasi itaitikia. Ni upuuzi, najua, lakini ni wewe uliyetufundisha kwamba salamu haimezwi.

Unakumbuka Krismasi ile nyumbani Momela, nilipokuwa bado na meno ya utoto? Ulimchinja beberu, ukamchuna, ukapanga vipande juu ya majani ya migomba. Mara nikaona paja linacheza. Kichwa kiko kule, ngozi iko kule, na paja linatetemeka lenyewe. Nikajificha nyuma ya mama, nikauliza kama bado hajafa. Ulicheka, ukafuta kisu, ukaniambia, "Amekufa, mama. Nyama tu ndiyo haijapata habari."

Uliniita mama kwa kuwa nilibeba jina la mama yako. Paja lile lilinifuata shule ya msingi, likanifuata sekondari, likaingia nami chuo kikuu. Wenzangu walisoma ili watibu watu, mimi nilisoma misuli ili nijue ni nani anayechelewesha habari. Nikajifunza kwamba msuli una akiba yake ya nguvu, na kwamba kalsiamu ikivuja ndani yake hujikunja bila kuamriwa na mtu. Nilikueleza haya yote pale gerejini kwako Sakina, umelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukasema ndivyo ulivyoniambia siku ile, ila mimi nimezunguka sana.

Kisha mikono yako ikaanza kukuacha. Mikono iliyokuwa ikibeba giaboksi kama mtu anayebeba mtoto ikashindwa kushika spana. Misuli yako ilikuwa inaliwa polepole na ugonjwa, na mimi mtaalamu wa misuli sikuwa na dawa. Nilikuwa na swali tu. Ulikubali hospitali wakate kipande kidogo cha paja lako, nikuze seli zake maabara, nione zinaharibikia wapi.

"Chukua," ukaniambia. "Ila ukimaliza, nirudishe nyumbani. Sitaki kulala vipande vipande."

Seli zako zilikua, baba. Ziliungana zikawa nyuzi, na asubuhi moja, chini ya hadubini, nyuzi zikaanza kujikunja zenyewe. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilisogeza kiti nyuma, maana lile paja nililijua.

Siku kaka Anaeli alipopiga simu, nilikuwa maabara nazibadilishia seli zako chakula. Akasema, "Baba anaumwa kidogo. Njoo nyumbani." Nikamwuliza unaumwaje, akasema njoo tu. Nikachungulia hadubini, nikaona unacheza vizuri, moyo ukatulia. Nilipita kwangu Kijenge kuchukua sweta, nikanunua na machungwa unayoyapenda. Nilipofika nikakuta uani pamejaa watu. Walinikalisha, wakanipa chai, ndipo mchungaji akasema. Ndiyo desturi yetu, habari ya msiba haimwagwi kwenye simu, mtu hupewa akiwa ameketi na wa kumshika wapo. Ulikuwa umeondoka tangu alfajiri. Nilikaa na hasira na kaka kwa muda mrefu, kwamba aliniacha nimnunulie machungwa mtu aliyekwisha kufa.

Tulikuzika kwenye migomba. Lakini huku mjini, ndani ya kabati la joto la maabara, bado unacheza. Kila asubuhi nafungua mlango wake na kukuamkia kabla ya kuvaa koti. Wenzangu wameshazoea, hawacheki tena.

Sasa seli zimezeeka, hazigawanyiki tena. Nilichotaka kujua nimekijua na nimekiandika, na mwingine akiugua kama wewe, daktari wake hataanzia gizani tulikoanzia sisi. Kazi imeisha. Mama hupiga simu kila Jumapili akitoka ibadani, haulizi habari za utafiti, anauliza tu, "Unamleta lini?" Namjibu bado kidogo. Naogopa, baba. Nikizitoa kwenye joto lile, hapatabaki sehemu yako hata moja duniani isiyojua kwamba umekufa. Na mimi nimekuwa nikiishi kwa hiyo moja.

Leo nilijikaza. Nimevuta kiti, nikatoa kisahani kwenye kabati, nikakiweka chini ya hadubini. Ulikuwa unacheza taratibu, uzi kwa uzi, kama kawaida. Nilikusudia kuziambia seli ukweli wote, kama mtaalamu, kisha nikifunge kisahani kwa safari ya Momela. Mdomo ukakataa. Hapo ndipo nilipomwelewa kaka Anaeli, nikamsamehe.

"Baba anaumwa kidogo," nikaziambia. "Twendeni nyumbani."

Binti yako,
uliyemwita mama