Tafsiri ya Zamani Niliyosahau Kuifuta

Mpendwa Baba,

Tangu utuache, sijapata mwingine wa kunisikiliza nikieleza kazi yangu, akatikisa kichwa kwa adabu kama wewe hali haelewi hata neno. Basi leo utasikia, upende usipende.

Wakumbuka sanduku letu la posta? Nyumba nzima pale Mji wa Kale, wapangaji wa vyumba sita, anwani moja. Ufunguo ulikuwa wako, na wewe ndiwe uliyejua barua ipi ni ya chumba kipi. Kazi yangu ni hiyo hiyo. Kompyuta moja kubwa tunaigawa iwe kama kadhaa, tunaziita mashine pepe. Kila moja hudhani iko peke yake, na zote hutumia namba zile zile kwa anwani za kumbukumbu zao, yaani vijumba vya kuwekea habari. Programu yangu ndiyo hutafsiri: namba hii ya huyu ni hapa, ya yule ni kule, wasichunguliane.

Bi Zena alipohamia Majengo, wewe kwa mazoea uliipeleka barua yake chumba kile kile cha pili. Mpangaji mpya akaifungua. Ilikuwa ya hospitali. Bi Zena hakujua lolote, lakini ulivaa kofia ukanishika mkono mpaka kwake.

"Ndimi niliyekosa, Bi Zena. Barua yako imesomwa. Niwie radhi."

Alilia, akatufungia mlango. Nami nilikuona mjinga, Baba. Nilikuona mjinga miaka mingi.

Wiki iliyopita nilichukua sehemu ya kumbukumbu kutoka mashine ya ofisi moja ya mizigo, nikaipa mashine ya zahanati. Nikasahau kufuta tafsiri ya zamani. Ofisi ya mizigo ikaendelea kuelekezwa pale pale, na karani wake akaona kwenye skrini jina la mama mmoja na maradhi yake. Kosa nililirekebisha siku ile ile.

"Hapana aliyelalamika," mkubwa wangu akasema. "Mbona wataka kujichongea?"

Sikulala vizuri. Nikawaambia zahanati, na leo asubuhi wakanikutanisha na mama mwenyewe. Nilitafuta maneno, nikapata yako tu.

"Nani mwengine ajua?" aliuliza.

Nikamwambia. Hakunisamehe, wala sikumlazimisha. Alifunga mkoba wake, akasema, "Bora nimesikia kwako, si sokoni."

Nimetoka pale nikitamani kuja kwako moja kwa moja, nikwambie kwamba hukuwa mjinga. Nimechelewa. Niwie radhi, Baba.

Pumzika kwa amani,
Bintiyo