Kabla Élysée Hajafika Beni

Mususa, Butembo, Jumatano

Yaya Kavugho mupendwa,

Nakusalimia kwa upendo, na nauliza afya yako na ya batoto. Je, kikohozi cha Hadassa kimeisha? Sisi huku tuko bazima. Mama anaenda kulima Vuhovi siku njia ikiwa salama, na mimi niko masomoni.

Papa alikwambia kwamba Jumamosi Élysée atakuja kukaa kwako, akusaidie kuuza vitenge. Papa anaogopa vijana benye silaha banaomwita kaka yetu kila mara baende porini. Ndiyo maana Abigaïl, binti aliyemupenda, alipomukataa, naye akajifungia chumbani na telefone, bazazi balishukuru Mungu. Papa alisema mutoto anayekaa nyumbani amepona.

Mais, Yaya, ndani ya telefone alikuta kundi lingine. Ni groupe ya banaume tusiobajua, banaofundisha vijana kwamba mwanamuke ni adui, na akipewa heshima atakukalia kichwani. Anasikiliza sauti zao hata akinywa chai. Akiniona naosha sahani, mimi kijana kama yeye, ananiita madame, ananiuliza nitaolewa lini. Mama alimuomba achote maji, akajibu kwamba mwanaume hatumwi na mwanamuke. Mama alicheka, akifikiri ni muchezo. Kisha akaona uso wake, akabeba kibido cha maji mwenyewe.

Nilienda kwa Papa. Unajua namna ninavyomuogopa, basi nilimupa karatasi yenye maneno niliyonakili kutoka telefone ya Élysée, asome. Alinijibu kwamba batu banachinjwa kule vijijini, na mimi namuletea habari za telefone. Akaongeza kwamba heri kijana ashike telefone kuliko bunduki.

Donc nakwambia wewe kile Papa alikataa kusoma. Élysée aliweka picha yako katika groupe. Aliandika kwamba uliacha bwana yako na sasa unajiita mukubwa wa nyumba. Bakamwambia mwanamuke kama huyo anarudishwa kwa fimbo, na kaka asiyefanya hivyo si mwanaume. Yeye akajibu kwamba akifika Beni atafanya.

Sijui kama ataweza. Risasi zilipolia Mangina, ni yeye alinibeba mugongoni. Bado ninamupenda, na leo nitajaribu tena kuongea naye. Lakini akibisha hodi kwako, usimufungulie ukiwa peke yako. Ita majirani.

Barua hii nampa Idi, dereva wa lori, aitie mukononi mwako. Ubusu batoto, na Mungu abalinde.

Ni mimi mudogo wako,
Siméon