Posa ya Hamadi Imejibiwa

Konde, Pemba

Kwa dada yangu Bi Mwanakhamisi, Nungwi, Unguja.

Assalamu alaikum. Shikamoo, dada. U hali gani, na magoti yako je, yanakuruhusu kusujudu au bado wasali kitako? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila nyumba imekuwa kubwa. Tangu marehemu mume wangu anitoke nilikuwa na mwanangu Hamadi. Sasa napika kikombe kimoja cha mchele, na bado kinabaki.

Hamadi kaondoka, dada, nami nadhani yuko huko kwenu.

Wajua mwaka jana posa yake ya kwanza ilirudi. Tuliambiwa binti ana mchumba. Kumbe hana, hawakututaka tu. Tangu hapo mwanangu akawa kama aliyeungua. Wenziwe wote wameoa. Mafundi anaoshona nao kanzu pale barazani wakimtania: "Hamadi, utawashonea maharusi mpaka uzikwe na cherehani!" Anacheka nao, akifika nyumbani hali chakula.

Safari hii ami yake, Mzee Faki, akaenda kumposea Riziki, binti wa jirani. Wazee wakampa kahawa na halua, wakasema, "Tupeni nafasi tuulizane." Ami karudi anatabasamu. Hamadi kakunja uso.

"Wameshakataa, mama."

"Wamekataa wapi? Ndiyo desturi. Binti akitolewa papo hapo, watu watasema kwao wamechoka kumlisha."

"Anayetakiwa haambiwi ngoja."

Nikamwambia asubiri, Mungu yu pamoja na wanaosubiri. Asubuhi yake narudi kisimani, napita barazani, naona cherehani imefunikwa. Mafundi wakanambia kafuatana na wavuvi wa Kojani, wanakwenda dago, kupiga kambi ya uvuvi pwani ya kwenu. Mtu wa sindano, dada! Hata kasia hajui linashikwa upande gani.

Ijumaa wakaja wazee wa Riziki. Wamekubali.

"Bwana mwenyewe yuko wapi?"

"Kaenda kumwamkia mama yake mkubwa, Nungwi."

Mungu anisamehe. Lakini Konde neno halifichiki. Sasa Riziki hatoki nje, asema Hamadi kamkimbia yeye. Mama yake kanambia, "Bi Mwanaidi, sisi hatumtembezi mtoto kama samaki. Mwezi wa Ramadhani ukiandama hajaonekana, basi, kila mtu ashike lake."

Tafadhali nenda dagoni ukamuulize. Mwambie kakubaliwa. Mwambie na mama yake chakula hakimpiti peke yake.

Barua yangu iliyopita hukunijibu, nami nikakaa nikisema, dada kanichoka. Ndipo nikajua Hamadi hofu yake kairithi wapi.

Nisalimie shemeji, mume wako. Na mwanetu Zuhura, aliyejifungua, nibusie mtoto wake. Na mwalimu wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, umwambie aniombee dua.

Nijibu upesi, dada yangu. Usiniweke kama wazee wa Riziki.

Mdogo wako,
Mwanaidi