Kibali cha Magobori Yako, Baba Tunu

Baba Tunu, mume wangu,

Leo nimefagia chumba cha uani, kile ulichokuwa ukitengenezea vyerehani vya watu, nikaona bora nikae nikuandikie. Miguu inaniuma. Nimechoka, na uchovu huu si wa leo wala wa jana. Nina habari ya kukupa, na sitaki uipate kwa mwingine.

Unalikumbuka gobori la kwanza? Bendera mpya bado ilikuwa ngeni machoni, nasi tuna mwaka mmoja tu Temeke. Ulikwenda kwenu Liwale mazikoni, ukarudi na kitu kirefu kimeviringishwa kwenye mkeka. Nilidhani umeniletea miwa. Ukafungua: bunduki ya babu yako, aliyoificha darini tangu vita vya Maji Maji. Mtutu umeliwa na kutu, kitako kimeliwa na mchwa.

"Usiogope, hailii tena hii," uliniambia. "Ni mzee. Mzee hatupwi."

Nikadhani ni hiyo moja, yamekwisha. Kumbe kazi yako ya kuzunguka na bisibisi ilikuwa inakupeleka kwenye mengine. Kule Utete ulikwenda kutengeneza vyerehani vya kina mama, ukarudi na gumegume ambalo bibi mmoja alitumia mtutu wake kupulizia moto jikoni. Wewe ukampa doti ya khanga. Khanga yangu, Baba Tunu, niliyoipigia foleni duka la ushirika mpaka jua likanichoma utosi! Siku hiyo nilisema mbele ya shangazi yako: "Nimeolewa na gumegume linalokusanya magumegume." Shangazi akaziba mdomo kwa aibu. Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini.

Likaja la tatu, la yule mwindaji wa Boko aliyepofuka. Likaja la nne, la Kijerumani, zito kama gogo, halifunguki wala halifungiki. Ukawa kila Ijumaa baada ya sala unakaa kuyapaka mafuta ya nazi, na nywele za Tunu zimekauka kama katani. Na lile daftari lako: kila bunduki na jina la aliyekuwa nayo, kijiji chake, na alivyoipata. Ulikuwa unanisomea nikiwa napepeta mchele. Nilikuwa naitikia tu "ehee," akili yangu iko kwenye chuya.

Kisha balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Sefu, akapita kutangaza kwamba kila mwenye silaha akaandikishe. Nikakusihi uzitumbukize chooni, yaishe.

"Nikizificha nitakuwa mwizi wa mali yangu mwenyewe," ukajibu.

Tukaenda kituoni wote wawili. Ulivaa shati jeupe la Idi. Yule afande alikutazama sana.

"Unawinda?"

"Siwindi, afande."

"Unalinda duka?"

"Sina duka."

"Sasa bunduki nne za nini, ndugu?"

"Kuzitunza. Ni za kale, zina habari za watu."

Akavuta mtoto wa meza, akapekua, akaufunga. "Fomu ya kuwinda ipo. Ya kujilinda ipo. Ya kutunza haipo."

Ukaandika barua palepale, ukaorodhesha zote nne, ukawaachia. Ndipo ilipoanza safari isiyo na kituo. Barua ya balozi. Barua ya katibu wa tawi. Alama za vidole, mara mbili, kwa kuwa za kwanza zilipotea. Cheti cha daktari kwamba huna wazimu. Hapo nilitaka kwenda kutoa ushahidi wangu. Tunu alianza shule akamaliza, wewe bado unaambiwa njoo wiki ijayo. Jioni unarudi, unavua viatu mlangoni, sikuulizi tena. Nilikuwa natazama mabega yako tu, najua.

Na ile siku ya mgambo siisahau. Mteja wako wa Kipawa alichungulia ndani akifuata cherehani chake, akaenda kusema fundi wa Temeke ameficha silaha. Wakati wenyewe ulikuwa wa vita, kila mtu anamshuku mwenzake. Wakatukuta tunakula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Hawakukuacha unawe mkono. Siku nne, Baba Tunu! Siku nne nilikuwa napeleka chakula kwa miguu, nakaa nje ya kituo, wanawake wa mtaani wananipita kama hawanijui. Mwanangu aliniuliza, "Mama, baba ni mhaini?" Nilimpiga kofi, kisha nikalia naye.

Siku ya nne ikaonekana ile barua yako ya kwanza kwenye jalada, bunduki nne kwa mwandiko wako mwenyewe. Wakakutoa, umeshika suruali kwa mkono maana mkanda walikunyang'anya.

"Umeona?" ukasema. "Karatasi imeniokoa."

Nilitaka kukupiga. Nikakushika mkono badala yake, barabarani, mchana kweupe, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya.

Mwaka uliofuata kibali kikatoka. Mitutu izibwe kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, baruti isiwepo nyumbani, sanduku liwe na kufuli mbili, ukaguzi kila mwaka. Ulikisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama barua ya mtoto aliye mbali. Miaka mitatu tu umekifaidi. Masika haya kifua kikakuchukua.

Arobaini ilipopita nilikwenda kituoni. Wakaniambia kibali hufa na mwenyewe: niombe changu, au nizikabidhi. Tunu akasema, "Tuombe, mama." Basi nikaanza upya njia yako ile ile. Balozi, katibu, vidole. Mara ya tano nilimkuta afande msichana, mpole.

"Shikamoo mama. Kwani wewe unazipenda hizi bunduki?"

"Marahaba. Sizipendi, mwanangu. Nilimpenda aliyezipenda."

"Sasa mbona unajitesa hivi?"

Nilirudi nyumbani nikalala kutwa nzima. Wiki ile ile nikaenda jumba la makumbusho, wakaja na gari kuzichukua, na daftari lako, kwa ahadi kwamba majina ya watu wale yataandikwa. Bwana aliyezipokea aliniuliza habari za kila moja, nikamweleza zote, bila kufungua daftari. Niliposikia gari limeondoka nilikaa kizingitini nikakulilia, kilio ambacho mazikoni hakikutoka.

Lakini sikufichi: usiku huo nililala vizuri. Usinilaumu. Ulibeba kwa miaka ishirini kitu ulichokipenda. Mimi nilikubeba wewe na hicho kitu.

Jana Mzee Sefu kabisha hodi, kanyoosha bahasha kwa mikono miwili, anatabasamu. Kibali kimetoka. Kina muhuri na jina langu kamili: ninaruhusiwa kutunza bunduki nne za kale. Nilimshukuru, nikamkaribisha chai, sikumwambia kwamba zimeshakwenda.

Mungu akupumzishe, baba. Nami niombee nipumzike kidogo huku.

Mkeo,
Mama Tunu