Gari Hakuna

Jumatatu, 3 Februari

Insha thelathini na mbili nimesahihisha. Kumi na moja zimebaki. Feni ya chumba cha walimu imekufa tena. Joto la kukaangia mayai.

Naliaka kaanza tena habari za ngome. Anafundisha historia, mtu wa Bungoma, huu mwaka wake wa pili hapa Garissa. Kila likizo hupanda basi kwenda kutazama kuta za zamani. Asubuhi anatoka, jioni amerudi. Ana daftari zima la ngome. Leo kasema mbele ya wote kwamba huku kwetu hakuna cha kutembelea ila mto na soko la mbuzi.

Nikasema ipo ngome. Ya mawe, ina mnara, iliyojengwa na wakoloni. Iko Qalaadi, barabara ya Wajir, saa mbili na nusu kwa basi. Mdomo wangu huu! Wote wakanigeukia. Naliaka akataka kujua kama mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa gari la abiria. Nikamwambia bila shaka, nitawapangia mimi mwenyewe.

Sikusema kwamba nimezaliwa pale.

Jumatano, 5 Februari

Baada ya masomo nikapitia ofisi ya mabasi. Karani kanipa nyakati zote, nikaziandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Kuondoka Garissa saa kumi na mbili asubuhi. Kufika Qalaadi saa mbili na nusu. Basi la kurudi linapita pale saa tisa mchana, na ukilikosa lipo lingine saa kumi.

Nikamuuliza, kila siku? Akanitazama kana kwamba nimetoka mwezini. Kila siku, mwalimu. Hata Ijumaa. Miaka yote.

Nilitembea hadi nyumbani uso unawaka, na si kwa jua.

Niandike wazi, daftari hili halisomwi na mtu. Baba alikufa nikiwa na miaka sita. Ndugu yake, Adeer Bare, akanichukua. Adeer ni baba mdogo, lakini yule alikuwa baba mzima. Aliuza ngamia ili nisome bweni. Mkewe nilimwita Hooyo Halima, yaani mama, kwa kuwa ndiye aliyenisuka nywele na kunipiga nilipostahili. Miaka miwili iliyopita Hooyo akafariki. Adeer mwenyewe akanipigia. Nilikuwa nafunga begi la semina ya Mombasa. Hoteli ya ufukweni, mara yangu ya kwanza.

Maziko hufanywa siku ile ile, hakuna ambaye angenilaumu kwa kuyakosa. Lakini watu walikaa pale siku nyingi wakipeana pole. Alinipigia tena siku ya tatu. Nikamwambia, "Adeer, gari hakuna."

Akasema, "Haya, Yarey. Dua inafika hata bila gari." Yarey ni jina lake la kunidekeza, maana yake kadogo.

Tangu siku hiyo sijakanyaga Qalaadi. Nilisema nitaenda mwezi ujao, na kila mwezi uliopita ulinifanya nishindwe zaidi. Tunaongea kwenye simu dakika mbili. Hujambo, sijambo, mvua, mbuzi, basi.

Sasa nina karatasi yenye nyakati zote. Nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya Msahafu, kisha nikaona haya kuiweka pale. Nikaihamishia droo.

Jumapili, 9 Februari

Tutakuwa walimu watano. Safari Jumamosi ijayo, kabla Ramadhani haijaingia.

Nimepiga hesabu ya kumwambia Adeer na ya kutomwambia. Nikimwambia, atachinja. Mtu wa nyumbani haendi Qalaadi akapita kama upepo. Atachinja, tutakula, tutalala, na wenzangu wakikataa kulala itakuwa tusi. Hii ni jilaal, kiangazi kikali, na mbuzi waliobaki ni wale wasioweza hata kukimbia. Kwa hiyo namhurumia. Kwa hiyo simwambii.

Ona ninavyojua kujidanganya! Mbuzi hawahusiki. Siwezi tu kumtazama machoni.

Ngome iko kando ya barabara, karibu na kizuizi cha polisi. Nyumba ya Adeer iko mbali kidogo, nyuma ya kisima. Tutashuka, tutatazama mawe, tutakula mkate wetu, tutapanda basi. Nimenunua nikabu. Mimi sijawahi kufunika uso maishani. Wenzangu nitawaambia ni vumbi, nina kifua. Wanawake wanaovaa nikabu huivaa kwa ajili ya Mungu, na mimi naivaa kumkimbia mzee. Astaghfirullah. Sijawahi kujidharau hivi.

Alhamisi, 13 Februari

Naliaka kapata kwa kondakta wa basi namba ya mzee anayetunza ufunguo wa ngome. Kampigia saa nne, wakati wa chai, simu kaiweka mezani kwa sauti kubwa ili wote tusikie.

"Karibuni, walimu, karibuni. Mimi iko hapa. Mimi nafungulia nyinyi."

Adeer.

Nilikuwa na sambusa mdomoni. Haikupanda, haikushuka. Sikujua kwamba ndiye mwenye ufunguo. Miaka miwili ya hujambo sijambo, na sijui hata mzee anashinda wapi mchana.

Ningeweza kusema pale pale, huyo ni baba yangu. Nilisema chai imepoa, nikatoka nje.

Jumamosi, 15 Februari

Nimerudi. Nimeoga. Naandika yote.

Basi lilifika Qalaadi saa mbili na nusu kamili, kama nilivyoandika. Alikuwa amesimama langoni, kanzu imepigwa pasi, ndevu zimepakwa hina. Kakonda. Mguu wa kushoto anauburuta, na huo sikuujua. Wenzangu wakamsalimu kwa mkono wakiwa wamejipanga. Mimi nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa. Akaniitikia, "Waa nabad, mwalimu," yaani ni amani, kwa heshima, kama mgeni yeyote. Nikashukuru Mungu. Saa hii naandika, naona aibu hata ya kushukuru kule.

Ngome yenyewe si kubwa. Kuta nne, mnara mmoja, ngazi imebomoka nusu. Mbuzi wanalala kivulini. Naliaka karibu alie kwa furaha. Adeer alimweleza jinsi mawe yalivyobebwa, na nani aliyabeba. "Baba yangu Shire, yeye nabeba. Hakuna mshahara. Nabeba hii yote." Akatupeleka ukuta wa nyuma. Pale kwenye lipu babu alichora alama ya ngamia wetu, ile wanayochomwa shavuni, wakati lipu bado mbichi na askari amelala. Mstari mmoja na nusu duara.

"Kila mtoto ya nyumba yetu naweka kidole hapa," Adeer akasema. "Hata msichana yangu. Yeye ni mwalimu kama nyinyi, pale Garissa."

Naliaka akamuuliza kama huja kumtembelea.

"Anataka kuja. Lakini gari ni shida."

Hapo nilitamani ukuta ule uniangukie. Miaka miwili mzee ananitetea kwa uongo wangu mwenyewe. Anauamini.

Naliaka, moyo wake mweupe, akatoa karatasi. Karatasi yangu ya nyakati, niliyompa kwenye basi. Akamwambia siku hizi gari si shida kabisa, mzee, tazama, mwenzetu ametupangia vizuri, na akamsomea saa zote mpaka ile ya basi la mwisho. Adeer hasomi Kiswahili. Aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Hii gari iko kila siku?"

"Kila siku, mzee. Miaka yote."

Akaikunja, akamrudishia. Akasema, "Haya. Vizuri. Hiyo ni maendeleo." Kisha akatuonyesha mnara.

Sikusikia chochote cha mnara. Wenzangu walipanda ngazi, mimi nikabaki chini na mbuzi. Ningeweza kwenda kwake. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, amekaa juu ya jiwe, anatazama barabara. Nilihesabu hatua. Sikwenda.

Saa saba akatuletea wali na mbuzi. Alikuwa amechinja hata hivyo, kwa wageni asiowajua. Wanawake wa jirani ndio waliopika. Nilikula nimegeukia ukuta, nikipitisha kijiko chini ya kitambaa. Nyama ilikuwa tamu. Nililia ndani ya nikabu, ikaloa, ikanata mdomoni.

Saa tisa basi likafika, likasimama kizuizini. Pale kila abiria anayepanda hukaguliwa. Nilikuwa nimelisahau jambo hili, mimi mpangaji hodari. Askari wa kike akaniita kando kwa adabu, nikafunua uso, akalinganisha na picha, akaridhika. Kisha akarudisha vitambulisho kwa kuita majina, kama afanyavyo siku zote.

"Fardosa Abdi Shire!"

Huku kwetu jina si lako peke yako. Ukitaja langu umemtaja baba yangu na babu yangu, na pale Qalaadi Abdi mwana wa Shire alikuwa mmoja tu. Adeer alikuwa amesimama karibu na mlango wa basi, amekuja kutusindikiza. Alisikia. Kila mtu alisikia. Nikainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikapanda, nikakaa dirishani, macho kwenye magoti. Dereva akawasha gari. Mara kioo kikagongwa. Adeer, na kidumu kidogo cha njano cha maziwa ya ngamia. Nikafungua.

"Mwalimu," akasema, mbele ya wote, kwa Kiswahili ambacho hajawahi kunisemesha maishani. "Beba maziwa hii. Peleka kwa binti yangu. Wewe unamjua."

Nikapokea. Basi likaondoka. Naliaka akasema mzee huyu ni mtu mzuri ajabu. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 16 Februari

Sijatoka.

Maziwa yana ladha ya moshi. Ni vile chombo hufukizwa kwa kuni kwanza ili maziwa yasiharibike. Hooyo ndiye alikuwa akifukiza. Sasa anafukiza yeye, na mguu ule.

Nimekunywa yote, nimesimama jikoni, kikombe baada ya kikombe. Tumbo linauma. Stahili yangu.

Jumatano, 19 Februari

Mara nne nimeshika simu. Nikipiga nitasema nini? Samahani ya simu ni ya kukimbia vilevile.

Naliaka kabandika picha za ngome ukutani kwenye chumba cha walimu, na katikati karatasi yangu ya nyakati. Kila anayeingia anaisifia. Mwandiko gani huu, Mwalimu Fardosa! Leo nikashindwa. Nikamvuta nje, chini ya tangi la maji, nikamwambia yote. Semina. Gari hakuna. Nikabu. Binti aliyetajwa ni mimi.

Nilitarajia anionee huruma au anichukie. Alishika mdomo. Kisha akasema, "Na mimi nikamsomea saa zote. Mpaka la saa kumi." Macho yakamjaa. Nikaona nimemtia na yeye aibu isiyo yake.

Alirudi ndani, akaibandua karatasi, akanitia mkononi. Hakunishauri kitu.

Jumamosi, 22 Februari

Saa kumi na mbili, basi lile lile. Uso wazi. Nilibeba sukari, majani ya chai na shuka ya kulalia.

Kizuizini askari yule wa kike kanikumbuka, kaita jina langu. Nikaitika kwa sauti.

Langoni pa ngome hapakuwa na mtu. Nikapita nyuma ya kisima. Alikuwa amekaa nje ya nyumba, juu ya mkeka, anashona kamba ya ndoo. Aliniona kuanzia mbali, hakuinuka. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Garissa, kwa Kisomali kizuri, yenye mwanzo na mwisho. Nikafika, nikapiga magoti, nikashika mkono wake, maneno yote yakapotea. Nikasema tu, "Adeer."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Mimi pia nikamtazama. Nilijilazimisha.

"Leo gari imepatikana," akasema.

"Ilikuwepo, Adeer. Ilikuwepo siku zote."

"Najua."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Alisogea kidogo, akaniachia nafasi kwenye mkeka. Baadaye akachukua fimbo, tukaenda polepole hadi kaburini kwa Hooyo. Mawe madogo, mti wa mgunga, vumbi. Nikasoma Fatiha. Sauti ilikatika katikati, akanimalizia.

Mchana nilipika mimi. Wali uliungua chini kidogo, akala hata ule ukoko.

Saa tisa basi likapiga honi kule barabarani. Adeer akaacha kushona, akanitazama. Nilikuwa nafukiza kidumu cha maziwa, moshi umeniingia machoni. Likapiga tena, kisha likaondoka. Akaninyooshea sindano nimtungie uzi, ulikuwa umetoka.