Wino mweupe kwenye faili la Bhoke

Jumanne. Mvua imegoma, vumbi la Tarime limeingia mpaka kwenye kabati za mafaili, na mimi nina hasira.

Nimfundishe daktari mara ngapi?

Mimi ni karani wa kumbukumbu hospitalini. Sheria za mafaili nimejifunza mwenyewe, kwenye simu na kwa kuulizauliza mahakamani, ndiyo maana mganga mkuu kanipa kazi ya kuwaelekeza madaktari wa mafunzo. Wiki jana niliwaambia: huku akina Bhoke Chacha wamejaa shelfu nzima! (Jina nimebadilisha, msinianze.) Andika majina matatu, andika na kijiji. Ukikosea, piga mstari mmoja, weka saini, tarehe na saa. Usifute!

Mmoja, kijana wa Dar, akacheka. "Dada, mimi nimesomea udaktari, sio ukarani."

Haya.

Siku ileile akaletwa Bhoke wa kijiji cha Gorong'a, mkono umekatwa panga. Anasema aliyemkata ni shemeji yake, wanagombea shamba. Daktari wetu akaandika jeraha lote kwenye faili la Bhoke mwingine, wa Genkuru, aliyekuja na malaria. Leo ndio kashtuka, maana polisi wanataka faili, kesi ni Alhamisi. Kafanyaje? Kwa yule wa malaria kapaka wino mweupe wa kufutia ukurasa mzima. Kwa huyu wa panga kaandika upya, akaweka tarehe ya wiki jana.

Wakili wa shemeji akiliona hilo, Bhoke ataambiwa alijikata mwenyewe akimenya ndizi.

Nikamwambia andika ukweli: nilikosea faili, nimeandika leo.

"Unataka nifukuzwe?"

"Nataka Bhoke asikilizwe."

"Nani atajua, dada? Nyamaza tu."

Sinyamazi ng'o.

Ila nikiri. Nilipouona ule weupe, kwanza nilifurahi. Nilifurahi kwamba kakosea! Bhoke nilimkumbuka alipopita dirishani na bendeji yake. "Dada yangu, faili liko tayari?" Nikamjibu liko tayari.

Nilimdanganya usoni.

Mafaili yote mawili nimeyafungia, ufunguo ninao. Kesho saa mbili asubuhi yule daktari ataandika ukweli mbele ya mganga mkuu, atake asitake. Halafu nimtafute Bhoke, nimwambie na uongo wangu.

Kalamu nyeusi nimeshaiweka mezani.